Aendaye Seminarini Asifiche Ugonjwa Wake



Wasomaji wapenzi, kila mwaka vijana kadhaa wa parokia zetu huomba kuingia seminarini. Paroko huandika barua, wazazi hutafuta masanduku na mashuka, jumuiya ndogo ndogo huchangia nauli, na kijana mwenyewe hupewa fomu ya kupeleka kwa daktari. Mara nyingi fomu hiyo huchukuliwa kama jambo dogo. Hugongwa muhuri haraka, mradi ipatikane sahihi. Mwezi huu tumeona tuizungumzie, kwa sababu ya swali tulilopokea kutoka kwa mama mmoja.

Mama huyo anatuambia kwamba mwanawe amemaliza kidato cha sita na amekubaliwa kuanza mwaka wa maandalizi seminarini. Kijana ana kifafa tangu alipokuwa darasa la tatu. Anameza vidonge kila usiku, na sasa umepita mwaka mmoja na miezi kadhaa bila kuanguka. Wajomba zake wamemshauri aende kwa daktari asiyemfahamu, akane kwamba hajawahi kuugua ugonjwa wowote mkubwa, na vidonge aviache nyumbani visije vikaonekana bwenini. Mama anaogopa mambo mawili: mwanawe akisema kweli atapoteza wito wake, na akificha huenda akapoteza maisha yake. Anatuomba tumwambie la kufanya.

Tunamshukuru mama huyu kwa kutuamini. Tunajua kwamba si yeye peke yake mwenye swali hili. Wako wanaoficha pumu, wanaoficha siko seli, wanaoficha kwamba waliwahi kulazwa kwa ugonjwa wa akili. Basi tunamjibu hapa, ili wote wasikie. Wahenga walisema: mficha maradhi, kifo humuumbua.

KWA NINI KANISA LINAULIZA HABARI ZA AFYA?

Watu wengine hudhani kwamba fomu ya daktari ni chujio la kuwaondoa wagonjwa. Sivyo. Sheria ya Kanisa, Kanuni ya 241, inamwagiza Askofu kupokea katika seminari kuu wale tu ambao, kwa kuangalia sifa zao za kiutu na kimaadili, za kiroho na za kiakili, afya yao ya mwili na ya nafsi, pamoja na nia yao njema, wanaonekana kuwa na uwezo wa kujitoa kwa utumishi mtakatifu daima. Afya imetajwa hapo pamoja na mambo mengine. Haikuwekwa peke yake. Tena, kabla ya kijana kupewa daraja, Kanuni ya 1051 inamtaka gombera wa seminari atoe ushuhuda juu yake, ikiwa ni pamoja na hali ya afya yake ya mwili na ya nafsi.

Sababu yake ni rahisi kuelewa. Safari ya upadre ni ndefu. Falsafa na Teolojia peke yake huchukua miaka sita kamili, mbali na mwaka wa maandalizi na muda wa mazoezi ya kichungaji parokiani. Baada ya hapo padre hutumwa mahali ambapo pengine ana vigango vingi vya kufikia kwa pikipiki katika njia mbovu. Huamshwa usiku kwenda kumpaka mgonjwa mafuta. Huishi peke yake nyumbani kwa siku kadhaa. Askofu anayempeleka mtu katika maisha hayo anapaswa kujua anampeleka nani, ili asimpe mzigo utakaomvunja, wala asiwaache waamini mikononi mwa mtu asiyeweza kuwahudumia.

Tarehe 8 Desemba 2016 ofisi ya Vatikano inayoshughulikia wakleri ilitoa hati mpya juu ya malezi ya mapadre. Hati hiyo inataka kijana anayeingia seminarini alete matokeo ya vipimo vya afya kwa ujumla, pamoja na maelezo ya magonjwa aliyopata zamani na matibabu aliyopewa. Kwa hiyo daktari anapouliza juu ya magonjwa ya zamani, asidhaniwe kwamba anapekua tu maisha ya watu.

DAKTARI ANATAFUTA NINI?

Kipimo kizuri hakimalizwi kwa dakika tano. Daktari huanza kwa kuuliza: umewahi kulazwa? Umewahi kupasuliwa? Unatumia dawa gani? Je, nyumbani kuna mwenye kisukari, shinikizo la damu, kifafa, siko seli au ugonjwa wa akili? Halafu humpima kijana uzito, urefu na shinikizo la damu. Humwangalia macho, masikio, meno, moyo, mapafu na tumbo. Hutazama kama ana ngiri au busha. Hupima mkojo, choo na damu.

Magonjwa mengi yanayogunduliwa hapo hutibika kabla ya kijana kufunga sanduku lake. Kwa mfano:

1. Macho. Vijana wengine huonekana wazito darasani kumbe hawaoni ubaoni. Miwani huweza kumwokoa mtu na mwaka mzima wa kushindwa masomo.

2. Kichocho. Walio karibu na ziwa, mabwawa na mashamba ya mpunga huweza kuwa nacho kwa miaka bila kujua. Kipimo cha mkojo au choo hukionyesha, na dawa ya prazikwanteli hukitibu.

3. Kifua kikuu. Anayekohoa kwa wiki mbili au zaidi, anayetokwa jasho usiku na kukonda, apimwe makohozi. Matibabu ya kawaida huchukua miezi 6, na hapa Tanzania dawa zake hutolewa bure. Bwenini wanalala vijana wengi, hivyo mmoja akificha kikohozi chake huweza kuwaambukiza wengi.

4. Ngiri. Huondolewa kwa upasuaji. Asiyeitibu huweza kupatwa na maumivu makali ghafla, utumbo ukibanwa.

5. Siko seli. Ugonjwa huu hurithiwa kwa baba na mama. Mwenye nao ahudhurie kliniki, anywe maji mengi, ajikinge na baridi kali na malaria. Seminari nyingine ziko nyanda za juu zenye baridi, kwa hiyo walezi wake wajue mapema.

6. Virusi vya UKIMWI. Kipimo hiki kifanywe kwa ushauri nasaha na kwa ridhaa ya mtu mwenyewe, na majibu yake yawe siri. Mtu asipimwe kwa kuviziwa. Anayekutwa na virusi anahitaji kuanza dawa mara moja, kwa maana anayezitumia kila siku bila kukosa huweza kuishi na kufanya kazi kwa miaka mingi.

KIFAFA NI NINI?

Sasa turudi kwa kijana wetu. Kifafa ni ugonjwa wa ubongo. Ubongo hufanya kazi kwa umeme mdogo mdogo unaopita kwa utaratibu. Mara nyingine umeme huo hufumuka wote kwa pamoja, na hapo mtu huanguka, hukakamaa, hutupa mikono na miguu, pengine hujiuma ulimi au hujikojolea. Wengine hawaanguki. Hukodoa macho tu kwa muda mfupi na kupoteza fahamu, kisha huendelea na shughuli zao.

Kifafa huweza kusababishwa na mtoto kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, kuumia kichwa, malaria kali iliyopanda kichwani, homa ya uti wa mgongo, au mayai ya tegu wa nguruwe yanayoingia mwilini kwa uchafu na kufika ubongoni. Mara nyingi chanzo hakijulikani. Lakini haya yanajulikana kwa hakika: kifafa hakiambukizi, wala kwa mate, wala kwa mkojo, wala kwa povu la mdomoni. Si pepo, si laana ya ukoo. Wanaomkimbia mtu aliyeanguka karibu na moto, wakiogopa kumgusa, humwacha aungue bure.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu wapatao milioni 50 duniani wana kifafa, na kwamba hadi asilimia 70 kati yao wangeweza kuishi bila kuanguka kama wangepimwa vizuri na kupata dawa zinazofaa. Dawa kama fenobabitoni na karbamazepini zimetumika kwa miaka mingi katika hospitali zetu. Haziondoi chanzo cha ugonjwa, bali huutuliza ubongo. Ndiyo maana hutakiwa kumezwa kila siku hata kama mtu hajaanguka kwa muda mrefu. Daktari huweza kufikiria kuzipunguza baada ya miaka 2 au zaidi bila kifafa, tena polepole, akimwangalia mgonjwa.

Hapa ndipo tunapowaomba wajomba wa kijana watusikilize. Kumwambia aache vidonge nyumbani ni kumweka katika hatari kubwa. Mtu aliyezoea dawa hizi akiziacha ghafla, ubongo huweza kufumuka kwa nguvu kuliko hata kabla ya kuanza dawa. Huweza kuanguka mara nyingi mfululizo bila kupata fahamu katikati. Hali hiyo huua. Yaani kijana huyo, akifuata ushauri aliopewa, anaweza kupoteza maisha yake katika wiki za kwanza seminarini, mbele ya wenzake ambao hawajui wafanye nini kwa sababu hakuna aliyewaambia. Tunajua wajomba walishauri kwa mapenzi, lakini mapenzi hayo yanaweza kumzika.

JE, MWENYE KIFAFA ANAWEZA KUWA PADRE?

Wazee wengi wanasema hawezi, na wana sababu ya kusema hivyo. Sheria ya Kanisa iliyotolewa mwaka 1917, katika Kanuni yake ya 984, iliwataja wenye kifafa miongoni mwa watu wasioweza kupewa daraja. Wakati ule kifafa hakikuwa na dawa nyingi, tena watu wengi walikichanganya na ugonjwa wa akili. Makatekista wetu wa zamani walifundishwa hivyo, nao wakatufundisha hivyo.

Lakini sheria hiyo imebadilika. Sheria mpya iliyoanza kutumika tarehe 27 Novemba 1983 haikitaji tena kifafa. Kanuni ya 1041 inataja tu wazimu au ugonjwa mwingine wa nafsi ambao, baada ya kuwauliza wataalamu, unaonekana kumfanya mtu asiweze kutekeleza huduma ipasavyo. Kwa hiyo leo mtu hafungiwi mlango kwa jina la kifafa peke yake. Askofu na walezi humwangalia mtu mmoja mmoja, na humsikiliza daktari.

Hatusemi kwamba kila mwenye kifafa atapokelewa. Hilo si juu yetu. Yatafikiriwa mambo kama haya: anaanguka mara ngapi? Dawa zinamsaidia? Anazimeza kwa uaminifu? Anaweza kusoma vizuri akiwa anazitumia? Ataweza kuhudumia vigango wakati kuendesha pikipiki ni hatari kwake? Haya ni maswali ya haki. Kijana ambaye hajaanguka kwa muda mrefu, anayejua ugonjwa wake na anayejitunza, ana mengi ya kusema mbele ya maswali hayo. Kijana aliyedanganya, kisha akaanguka Kanisani mbele ya gombera, hana la kusema. Hapo walezi hawatauliza tena juu ya kifafa tu. Watauliza kama neno lake linaweza kuaminiwa, na hilo ni gumu zaidi kulijibu.

Vilevile tukumbuke kwamba Kanisa limewahi kuwapokea na kuwaacha waendelee na huduma watu ambao miili yao ilikuwa na upungufu mkubwa. Mtakatifu Isaac Jogues, Mjesuiti kutoka Ufaransa, alikatwa na kuharibiwa vidole na watu waliomteka huko Amerika ya Kaskazini mwaka 1642. Ilibidi Papa Urbano VIII ampe ruhusa ya pekee ili aweze kuadhimisha Misa kwa mikono ile. Katika nyakati zetu, Padre Cyril Axelrod wa Shirika la Waredemptoristi alizaliwa kiziwi huko Johannesburg mwaka 1942. Alipewa upadre mwaka 1970, na baadaye akapoteza macho pia. Ulemavu wake huohuo ulimfungulia njia ya kuwahudumia viziwi katika Afrika ya Kusini na katika nchi nyingine.

Yako pia magonjwa ambayo huleta ugumu wa pekee kwa sababu ya altare yenyewe. Mtu ambaye ngano humdhuru, au aliyekuwa mlevi ambaye tone la divai humrudisha kwenye ulevi, atawezaje kuadhimisha Misa kila siku? Hati ya mwaka 2016 tuliyoitaja inasema watu wa namna hii wapimwe mmoja mmoja kwa busara tangu mwanzo. Basi na wao wasifiche. Wakisema mapema, huweza kuangaliwa njia ambazo Kanisa limeziruhusu, kama hostia zenye kiasi kidogo sana cha utomvu wa ngano.

NANI ATAJUA?

Hofu kubwa ya vijana si ugonjwa, bali ni kusemwa. Wanaogopa habari zao zitafika kijijini kabla yao. Hofu hii tunaielewa. Lakini wajue kwamba Sheria ya Kanisa inawalinda. Kanuni ya 220 inakataza kumharibia mtu jina lake jema bila haki, na kuvunja haki yake ya kutunza mambo yake ya ndani. Hati ya 2016 inasema maelezo ya afya yajulikane kwa Askofu na gombera wa seminari inayompokea tu, na kuwapa wengine kufuate sheria za nchi na za Kanisa.

Tena kuna kanuni ambayo waseminari wengi hawaifahamu. Kanuni ya 240 inasema kwamba wakati wa kuamua mtu apewe daraja au aondolewe seminarini, mlezi wa kiroho na waungamishaji hawawezi kamwe kuulizwa maoni yao. Maana yake ni kwamba kijana anaweza kumfungulia moyo mlezi wake wa kiroho bila woga. Akiwa hajui jinsi ya kumwambia gombera juu ya ugonjwa wake, aanze kwa mlezi wa kiroho, naye atamsaidia kupata maneno.

Hata hivyo ni vizuri wenzake wawili au watatu wa bweni moja wajue, kwa hiari yake mwenyewe, ili wamsaidie akianguka.

AKIANGUKA BWENINI

Waseminari wote, na hata wanakwaya na vijana wa parokia, wajifunze haya:

1. Mtulie. Angalieni saa, mjue kifafa kimeanza lini.

2. Ondoeni karibu yake viti, vyombo vya moto na vitu vya ncha. Wekeni nguo laini chini ya kichwa chake. Mfungulieni kola na mkanda.

3. Msimshike kwa nguvu kumzuia asitikisike.

4. Msimtie kijiko, kijiti wala kidole mdomoni. Huvunja meno na kuziba pumzi.

5. Anapotulia, mlazeni kwa ubavu ili mate yatoke nje. Kaeni naye mpaka fahamu zirudi kabisa. Msimpe maji wala dawa kabla ya hapo.

6. Mpelekeni hospitali upesi kama kifafa kimepita dakika 5, kama kinarudi kabla hajapata fahamu, kama ameumia au ameangukia majini, au kama ni mara yake ya kwanza.

Mwenyewe naye ana wajibu wake. Alale kitanda cha chini, si cha juu ya dabodeka. Asiogelee peke yake, asipande juu ya paa au miti, asipike peke yake kwenye moto wa wazi, asiendeshe pikipiki. Asiguse pombe. Alale saa za kutosha, kwa maana kukosa usingizi huamsha kifafa. Anayetaka kusoma usiku kucha kabla ya mtihani akumbuke kwamba kwa mtu kama yeye huo si ushujaa.

Kuna jambo moja linalowasumbua wacha Mungu. Wengine hawamezi dawa asubuhi kabla ya Misa, wakidhani watavunja mfungo wa Komunyo. Kanuni ya 919 inasema wazi kwamba maji na dawa havivunji mfungo huo wa saa moja. Na siku za kufunga, kama Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu, mgonjwa ambaye kufunga kutamdhuru hafungwi na sheria hiyo. Amtolee Mungu sadaka nyingine, na dawa aimeze.

MAGONJWA YA MOYO NA NAFSI

Tumesema sana juu ya mwili. Lakini seminarini kuna magonjwa mengine yasiyoonekana kwa kipimo cha damu. Kijana anatoka kwao, anaacha ndugu na marafiki, anaingia katika utaratibu wa kengele, masomo magumu na kimya. Wengi huzoea baada ya miezi michache. Wachache huingia katika huzuni nzito, ambayo madaktari huiita sonona.

Dalili zake ni hizi: huzuni isiyoondoka kwa wiki mbili au zaidi, kukosa usingizi au kulala kupita kiasi, kukosa hamu ya chakula, kukosa furaha katika yale aliyoyapenda, kushindwa kusoma, kujiona hafai kitu, na pengine kutamani kufa. Anayezungumza juu ya kujiua asichekwe, wala asiambiwe tu asali zaidi. Asiachwe peke yake, na apelekwe hospitali siku hiyohiyo. Sala ni chakula cha roho na hatumzuii mtu kusali. Lakini sonona ni ugonjwa, nayo hutibiwa kwa mazungumzo na mtaalamu na pengine kwa dawa, kama malaria inavyotibiwa kwa dawa hata kama mgonjwa anasali.

Mwaka 2008 Vatikano ilitoa mwongozo juu ya kuwatumia wataalamu wa saikolojia katika malezi ya mapadre. Mwongozo huo unasema mtaalamu huweza kusaidia, lakini kijana akubali mwenyewe kwa hiari, baada ya kuelezwa, bila kulazimishwa. Kwa hiyo akiombwa kumwona mtaalamu asidhani amekwisha kuhukumiwa. Na asiseme uongo mbele yake, kwa sababu atakayekosa msaada ni yeye.

NENO KWA WAZAZI NA JUMUIYA

Wazazi wapenzi, tunajua uchungu wenu. Mtoto akienda seminarini, ukoo mzima huenda naye. Mmechangiwa nauli, mmepongezwa Kanisani, na sasa mnaogopa aibu ya mtoto kurudishwa. Lakini tunawaomba msimfanye mtoto awe mateka wa sifa za ukoo. Kijana anayebaki seminarini kwa kuogopa aibu ya wazazi wake huumwa mara mbili.

Na jumuiya zetu ziache kumwita kijana aliyerudi "aliyefukuzwa". Kurudi nyumbani kwa sababu ya afya si dhambi. Kanisa lina kazi nyingi. Wako makatekista, walimu, waganga, mabruda, na wako baba wa familia wenye wito wa kweli. Kijana aliyejifunza kusali na kusema ukweli hakupoteza muda wake seminarini.

JIBU LETU KWA MAMA

Mama mpendwa, ushauri wetu kwako na kwa mwanao ni huu:

1. Vidonge viendelee kila usiku bila kukosa hata siku moja. Aende seminarini akiwa na akiba ya kutosha, na ajue hospitali ya karibu atakakopata vingine.

2. Fomu ajaziwe na daktari anayemtibu siku zote, anayejua historia yake. Amwombe pia barua inayoeleza dawa anayotumia, kipimo chake, na mara ya mwisho alipoanguka ilikuwa lini. Barua ya daktari anayemfahamu itamtetea kuliko fomu safi ya daktari asiyemfahamu.

3. Kabla ya kusafiri, aende pamoja nawe kwa paroko, mmweleze yote. Paroko ndiye aliyemshuhudia kwa Askofu, na hapaswi kushangazwa na habari hizi baadaye.

4. Akifika, aombe nafasi ya kuonana na gombera katika wiki ya kwanza, akiwa na barua ile mkononi.

5. Wajomba zake wasomewe makala hii. Waambiwe kwamba tunawaheshimu, na kwamba dawa haziachwi ghafla.

6. Askofu akiona vema kumwambia asubiri mwaka mmoja, mpaka ionekane kwamba dawa zinamsaidia kabisa, asivunjike moyo. Kwa Sheria ya Kanisa hapewi mtu upadre kabla ya kutimiza miaka 25. Muda upo.

Hatuwezi kukuahidi, mama, kwamba mwanao atakuwa padre. Hilo hakuna anayeweza kumwahidi mzazi yeyote, hata mzazi wa kijana mwenye afya ya chuma. Tunachokuambia ni kwamba Mungu akimwita mtu humwita pamoja na mwili wake jinsi ulivyo, na kwamba mwanao hahitaji kudanganya ili amfuate.

Tunawaombea vijana wote wanaojiandaa kuingia seminarini mwaka huu. Fomu ya daktari ikija mikononi mwenu, ijazeni kwa ukweli. Tukutane tena mwezi ujao, Mungu akipenda. Tunawatakieni afya ya mwili na ya roho.